Siku Profesa Dochev Alipoomba Taa Izimwe

Miaka thelathini na moja nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja hapa Plovdiv, na kwa miaka yote hiyo, kama kuna mtu angezima taa katikati ya operesheni, mimi ningekuwa wa kwanza kumfukuza. Daktari anaweza kukosa usingizi, anaweza kukosa adabu, na wapo niliowaona wamekosa vyote viwili. Lakini taa hakosi. Taa ni kazi yangu mimi, pamoja na milango, chupa za maabara, na kuwavua wagonjwa pete na hereni kabla hawajaingia.

Kwa hiyo nilikaribia kupasuka pale mwezi wa Januari, Daktari Biliana aliporudi kutoka masomoni na kamera yake nyeupe iliyofungwa kwenye mkono mrefu wa chuma, akaniambia kwa ule upole wake, "Shangazi Fila, naomba uzime taa zote. Dakika moja tu."

"Nizime nini?"

"Taa. Na pazia la dirisha ulifunge."

"Mwanangu, mtu amelala mezani shingo wazi. Unataka tumpapase gizani kama kuku bandani?"

Chumba kizima kilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Profesa Asparuh Dochev, mkuu wetu, aliyekuwa amepita tu kuchungulia. Nilizima, maana kwetu mwenye kisu ndiye mwenye taa, na siku hiyo kisu kilikuwa cha Biliana. Nilizima huku nasonya.

Sisi ni watu wa shingo. Milimani kwetu rovu, ule uvimbe wa shingo, ni la tangu enzi za mababu, na wagonjwa hawatuishii. Sasa, nyuma ya ile tezi kubwa ya shingo hukaa vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya dengu, na rangi yake ni karibu sawa na ya mafuta yanayokizunguka. Hivyo ndivyo vinavyotunza kalsiamu kwenye damu. Ukiving'oa vyote kwa bahati mbaya, mgonjwa ataamka na shingo nzuri, lakini midomo itamwasha, vidole vitajikunja na kukakamaa, na atameza vidonge mpaka siku ya kuzikwa. Kamera ya Biliana ilimulika mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na vitezi hivyo, bila kuchomwa dawa yoyote, vikaujibu kwa kung'aa vyenyewe. Mng'ao wenyewe ni hafifu, na taa zangu zilikuwa zinaumeza. Ndiyo maana tukawekwa gizani.

"Kazi ya vijana," Profesa alisema. "Mimi nina kamera mbili, nilizaliwa nazo." Akajigusa chini ya macho. Mikono yake ilikuwa ya kusifika kweli. Watu walitoka mpaka Burgas kuifuata. Miezi miwili ikapita, Biliana akizima taa kwa wagonjwa wake, na Profesa akifanya kazi mchana kweupe kwa wa kwake.

Wiki ya pili ya Machi akaja Sevda Hadzhieva.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfumaji wa mazulia kutoka kijiji kimoja juu ya Smolyan, mikono mikubwa, ulimi mkali. Mumewe Metodi alimfuata nyuma na ndoo ya mtindi wa kondoo, kana kwamba hospitali haina chakula. Uvimbe ulikuwa upande wa kulia, na majibu ya sindano ya kipimo hayakuwa mazuri. Haukuwa wa kusubiri.

Nilimkuta kwenye chumba cha matayarisho amekaa kitandani kwa gauni la hospitali, pete kavua, hereni kavua. Ila mkononi alikuwa na martenitsa yake, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, ambao sote tunaufunga tarehe mosi Machi na hatuufungui mpaka tuone korongo au mti uliochanua. Zetu sisi wa thieta tulikuwa tumezivua na kuzitundika msumarini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sheria ni sheria.

"Uzi huo nao utoke," nikasema, mkasi tayari mkononi.

Akaufunika kwa kiganja. "Hautoki."

"Bibi, humu ndani haiingii hata pini."

"Wewe hunikumbuki, eti?"

"Nawaona wengi."

"Mimi nakukumbuka. Mkasi wenyewe ni huo huo?"

Akanyoosha mkono mbele yangu, akavikunja vidole pole pole mpaka vikawa kama kucha za kuku aliyekufa. "Miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi huu huu, mlininyofoa upande wa kushoto. Wewe ulikata uzi wangu ukautupa kwenye ndoo, na mlozi haujachanua. Nilipoamka vidole vikawa hivi. Miezi kumi na minne, dada! Mimi niliyeanza kufuma nina miaka tisa, nikawa navalishwa soksi na huyu Metodi."

"Na alikuwa ananivalisha matusi," Metodi akadakia kutoka mlangoni.

Nilitaka kumwambia kwamba uzi na kalsiamu havijuani. Mimi si mtu wa ushirikina. Lakini nilikuwa nimeshamkumbuka: mwanamke wa mlimani aliyelia kwa sababu ya uzi, na mimi nikamwambia asiwe mtoto. Nikaona aibu ile aibu ya kushuka mpaka magotini.

Nilipogeuka, Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alivuta kiti akaketi mbele ya Sevda, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya kwa mgonjwa yeyote asubuhi ya upasuaji.

"Sevda," alisema, "kuna kitu sikukwambia wakati ule. Wiki moja baada ya kukupasua, maabara waliniletea karatasi. Katika nyama niliyoitoa walikuta vitezi viwili, vyote vya upande wa kushoto. Nilivitoa mimi, bila kujua. Karatasi niliisaini, nikaifungia kwenye faili, na wewe nikakwambia mwili utazoea."

Metodi aliweka ndoo chini.

"Kwa hiyo vimebaki viwili," Sevda akasema.

"Viwili. Upande wa kulia. Na leo nakwenda kulia."

"Na hivyo navyo vikienda?"

"Vidole vitakuwa kama ulivyoonyesha. Na safari hii havitafunguka vyenyewe. Zulia utalisahau."

Metodi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Vaa nguo, mke wangu. Vaa! Twende Sofia. Miaka kumi na miwili mtu anatuficha!"

"Sofia kuna nini?" Sevda akamjibu bila kumtazama. "Huko nitapata mtu asiyeijua hii shingo. Huyu mwizi angalau anaijua nyumba, na leo ametaja mwenyewe alichoiba." Kisha akamkazia macho Profesa. "Kosa moja haliachi mke, Profesa. La pili sijui."

Profesa aliinama kidogo, kama mtu aliyetozwa faini ya haki. Aliposimama akaniambia, "Fila, uzi ubaki. Ufunike kwa plasta."

Niliufunika. Nilizungusha plasta mara tatu, vizuri kabisa, na Sevda akanitazama muda wote bila kusema asante. Sikumlaumu.

Kwenye beseni la kunawia, Biliana alikuwa kando ya Profesa, wote wawili mikono juu ikichuruzika maji. Nilidhani angemwomba. Hakumwomba. Aliniambia tu, taratibu, "Shangazi, kamera iwe karibu. Basi tu, iwe karibu."

Nikaisogeza mpaka ukutani nyuma yao. Profesa aliiona, akaomba kisu.

Shingo iliyokwisha kupasuliwa mara moja ni shamba lililojaa mizizi. Kila kitu kimeshikana na mwenzake. Profesa alikwenda milimita kwa milimita, akaupata mshipa wa sauti akaulinda, na mimi niliyesimama nyuma niliona jasho likimshuka shingoni. Saa ya pili ilipokaribia kwisha, akaonyesha kwa ncha ya kibano kipande cha manjano.

"Hiki hapa, cha juu. Kiko salama, kina damu yake."

Biliana akainamia, akatazama, akawa kama anataka kusema. "Ndiyo, Profesa."

"Cha chini sikioni."

"Hata mimi."

Akaendelea. Hakuna namna nyingine, uvimbe ulikuwa lazima utoke. Ulitoka na nusu yote ya tezi, ukawekwa kwenye bakuli la chuma pembeni mwa meza ya vyombo, unisubiri mimi. Na hapa niseme ukweli juu ya fahari yangu. Katika hospitali hii hakuna nyama iliyowahi kunisubiri nusu dakika. Ikitoka tu, natumbukiza kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, kifuniko, jina, tarehe, maabara. Wakuu wamenisifu kwa hilo mbele ya watu. Dawa ile huua kila kilicho hai papo hapo. Ndiyo kazi yake.

Nilikuwa nimeshafungua chupa. Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye bakuli.

"Fila," Profesa akaita.

"Naam."

"Zima taa."

Nilisimama na chupa yangu. "Taa ipi, Profesa?"

"Zote. Na pazia. Au nikuandikie barua?"

Hakuna aliyecheka. Daktari wa usingizi alinyanyua kichwa kutoka kwenye mashine yake. Profesa alikuwa ameiweka mikono yake miwili kifuani, ile mikono ya kusifika, na kwa mara ya kwanza niliiona ni ya mzee. Niliweka chupa chini, nikaenda kwenye swichi.

Giza likaingia, ikabaki mistari ya kijani ya mashine ya usingizi na skrini ya Biliana. Kamera ikashuka juu ya shingo. Kwenye skrini nyama yote ilikuwa ya kijivu, kama barabara ya lami iliyonyeshewa.

"Hapo juu," Profesa akasema. "Pale nilipoonyesha."

Biliana akasogeza. Pale palikuwa peusi.

"Karibu zaidi."

Peusi vile vile. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Nilisikia pumzi ya Profesa ndani ya barakoa.

"Ni mafuta," akasema. "Nimelinda mafuta. Nimelinda mafuta, na kitezi..." Hakumaliza. Halafu sauti yake ikapanda ghafla. "Fila! Bakuli liko wapi?"

"Lipo hapo hapo mezani."

"Umetia kwenye dawa?"

"Nitie saa ngapi? Umenituma taa! Mimi nina mikono mingapi?"

Naapa, sijawahi kusikia mtu akifurahia kujibiwa vibaya kama alivyofurahia yule mzee. "Mungu akupe maisha marefu, Fila," alisema, na muuguzi wa vyombo akalisogeza bakuli chini ya kamera.

Upande wa mbele wa ile nyama, kijivu. Upande wa pembeni, kijivu. Profesa akaishika kwa kibano, akaigeuza chali, akakunjua mkunjo mmoja mwembamba kwa nyuma.

Kikang'aa.

Kilikuwa kidogo, punje ya dengu kweli, cheupe katikati ya ule ukijivu wote, kimetulia utadhani hakijui kwamba kilikuwa kinakwenda kufa ndani ya chupa yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana giza lina faida zake. Sekunde kumi zaidi. Kama taa zingebaki zinawaka, kwa sekunde kumi ningekuwa nimekiua mimi, kwa uhodari wangu, na kusifiwa.

"Taa," Profesa akasema, na niliwasha kwa kishindo.

Alikitoa kama mtu anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto. Kipande cha ukubwa wa kichwa cha sindano kikakimbizwa maabara, na kilichobaki kikalala kwenye maji baridi ya chumvi. Simu ikalia baada ya robo saa: ndicho. Akakikatakata vipande vidogo vidogo, akafungua kijifuko kwenye msuli wa shingo, akavipanda humo kimoja kimoja, kama miche ya nyanya, akashona kwa uzi mweusi wa alama. Vitaota, alisema, lakini vitachukua wiki kadhaa. Na kwa wiki hizo Sevda angekuwa hana kitu.

Biliana akauliza kama wafunge.

"Bado. Fila, zima tena."

Safari hii nilikuwa nimeshafika kwenye swichi kabla hajamaliza jina langu.

Kamera ikashuka. Profesa mwenyewe aliushika ule mkono wa chuma, kupitia mfuko wake safi, akaupeleka chini, mahali ambapo miaka yote hakwenda kwa sababu vitabu na macho yake vilimwambia hakuna kitu. Chini, chini zaidi, nyuma ya mfupa wa kifua. Na pale, kwenye kona, kikawaka kingine. Kizima. Kimekaa kwake, na mshipa wake wa damu, hakuna kisu kilichokikaribia.

"Ah, bwana mdogo," Profesa akanong'ona. "Kumbe umehamia huku."

Biliana ndiye aliyepiga kelele kwanza. Kisha daktari wa usingizi akapiga makofi, akakumbuka mgonjwa amelala, akaacha, akapiga tena. Profesa alimgeukia Biliana katika mwanga wa skrini.

"Mwanangu, zile kamera zangu mbili zimezeeka. Wewe umeliona lile fungu la mafuta mapema, siyo?"

"Nilishuku, Profesa."

"Siku nyingine ukishuku, nipige teke."

"Mguu gani?"

"Wowote ulio karibu."

Jioni ile damu ya Sevda ilipimwa, na usiku, na alfajiri. Kalsiamu ilishuka kidogo, ikasimama, haikushuka tena. Asubuhi Biliana alimgonga kwa kidole shavuni, mbele ya sikio, pale ambapo uso wa mtu aliyeishiwa kalsiamu hurukaruka wenyewe. Uso ukatulia tuli.

"Midomo inawasha?" akamuuliza.

"Inawasha kwa hamu ya kahawa," Sevda akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Na mwambieni Metodi sitakula mtindi tena mpaka Pasaka."

Siku ya tatu, Metodi alipanda ngazi mbio, akanisukuma mlangoni, akasema neno moja: "Umechanua!" Mlozi wa uani. Jana yake ulikuwa mti mkavu, na leo matawi ya upande wa jua yalikuwa meupe. Sevda alitaka kushuka, na nani angemzuia? Tulimshusha, dripu pembeni, koti la Metodi mabegani. Biliana akaja. Profesa akaja na koti lake jeupe, mikono mifukoni, akasimama mbali kidogo kama mwanafunzi aliyeitwa kusikia majibu.

Sevda alibandua plasta. Fundo la uzi lilikuwa limeloa dawa, likakauka, likashika kama kokoto. Alilijaribu kwa ukucha, halikuachia. Mimi nilikuwa na mkasi mfukoni, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, ukaenda wenyewe.

"Nikusaidie?" nikasema. "Limekaza."

"Wewe na mkasi wako kaeni hapo hapo mlipo."

Nikakaa. Hakuna aliyetazama maua. Wote tulitazama vidole. Vilikwenda pole pole, kimoja kikishika, kingine kikichokonoa. Mara moja vilisimama, na nilimwona Profesa akifumba macho. Havikuwa vimekakamaa, alikuwa anatafuta mahali pa kuingilia tu. Ukucha wa kidole gumba ukapenya, uzi mwekundu ukatoka chini ya mweupe, na fundo lote likafunguka. Akauinua juu kutuonyesha, kisha akaufunga kwenye tawi kwa fundo la wafumaji, haraka kiasi kwamba sikuona alivyofanya.

Metodi alilia waziwazi. Machozi yangu mimi nilisema ni vumbi.

"Na wewe, Profesa?" Sevda akamgeukia. "Wa kwako uko wapi? Au huoni mti umechanua?"

"Uko msumarini."

"Kaulete."

Alikwenda. Mkuu wa idara, miaka sitini na sita, alikwenda mbio na kurudi akihema, martenitsa yake mkononi, bado ina fundo lile alilofungiwa na mjukuu wake. Akasimama chini ya mlozi kulifungua. Akajaribu mara mbili, uzi ukamteleza, akatutazama na macho yaliyojaa maji.

"Lete hapa," Sevda akasema.

Akamnyang'anya, akalifungua mara moja, akampa auning'inize mwenyewe.